Kutoka Mbegu Hadi Mbegu: Namna ya Kuchunguza Ukuaji na Uzazi wa Mimea Inayotoa Maua

Zoezi la kuotesha haragwe ndani ya glasi linajulikana na wanafunzi wengi wa shule za msingi, lakini mara nyingi huishia pale majani mawili ya kwanza yanapojitokeza: picha huchorwa, mche hutupwa, na somo jingine huanza. Mwongozo huu unakuomba usiishie hapo. Haragwe lililoota limefanya nusu tu ya kazi yake, na nusu iliyobaki, yaani kuchanua, kuchavushwa na kukomaza mbegu mpya, ndiyo inayoeleza kwa nini mmea una maua. Ukiwa na subira ya miezi mitatu hivi utaona mzunguko wote kwa macho yako mwenyewe.

Tafuta maharage makavu yapatayo thelathini, glasi sita zinazofanana au chupa zenye mdomo mpana, pamba, karatasi laini za kufyonza maji, kioo cha kukuzia, rula, penseli, na daftari ambalo halitumiki kwa kazi nyingine. Baadaye utahitaji ndoo au chungu chenye matundu chini, kilichojazwa udongo uliochanganywa na mboji. Ukiweza kuchagua, chukua maharage ya aina fupi isiyotambaa, kwa kuwa huchanua mapema na hayahitaji kusimikiwa miti. Usitumie mbegu zilizopakwa dawa ya kuua wadudu, ambazo kwa kawaida hutiwa rangi kali ili zitambulike, wala usionje maharage mabichi ya zoezi hili, kwa sababu haragwe bichi lina sumu ya asili ambayo huondoka tu linapochemshwa vizuri. Kazi yoyote ya wembe au kisu afanye mtu mzima.

Itazame mbegu kabla ya kuipanda

Shika haragwe kavu karibu na dirisha, ulitazame kwa kioo cha kukuzia. Upande wake uliobonyea una kovu dogo lenye umbo la yai, linaloitwa kitovu cha mbegu, na kwenye ncha moja ya kovu hilo kuna kitundu kidogo mno, kana kwamba mtu amelichoma haragwe kwa ncha ya sindano. Chora haragwe zima kwa ukubwa wa kiganja chako, weka alama hizo mbili mahali pake, kisha acha mistari miwili mitupu mbele ya kila alama. Maelezo yake usiyaandike leo. Utayaandika siku ya mwisho ya zoezi, utakapokuwa umeona kovu hilo na kitundu hicho vilikotoka.

Jioni loweka maharage yako yote, isipokuwa manne, katika maji safi, uyaache usiku kucha. Asubuhi pima moja lililolowekwa na jingine kavu kwa rula, uandike tofauti yao. Futa maji kwenye ganda la lile lililovimba, ulibonyeze taratibu kwa vidole viwili, nawe utaona tone dogo la maji likichomoza kwenye kile kitundu. Kisha menya ganda kwa kucha. Haragwe litaachana lenyewe kuwa vipande viwili vinene, na ukivitenganisha polepole utakuta kitu kidogo cheupe kimeshikamana na kimojawapo. Hicho ni kiinitete, yaani mmea mchanga ambao tayari umeumbwa: upande mmoja una kizizi kilichochongoka, na upande wa pili una vijani viwili vilivyokunjwa pamoja, vyenye mishipa ambayo kioo cha kukuzia kinaweza kuionyesha. Nawasihi walimu na wazazi wasiipite hatua hii mbiombio. Mtoto aliyeona majani ndani ya haragwe lililokuwa kavu jana yake hahitaji kuhubiriwa sana kwamba mbegu ni kitu hai.

Vile vipande viwili vinene huitwa kotiledoni, navyo ni ghala la chakula ambacho kiinitete kitatumia mpaka kiweze kujitafutia. Mtu mzima akidondosha tone la iodini juu ya kotiledoni iliyokatwa, sehemu hiyo hugeuka kuwa ya rangi ya buluu iliyokolea hadi nyeusi, na hiyo ni dalili ya wanga. Kiinitete kinaweza kukaa kimya juu ya ghala hilo kwa muda mrefu kikisubiri maji. Mwaka 2005 mbegu ya mtende iliyofukuliwa kwenye magofu ya kale ya Masada, nchini Israeli, yenye umri wa takriban miaka 2,000, ilipandwa ikaota.

Mbegu inahitaji nini ili iote?

Swali hili lijibiwe kwa jaribio, si kwa kukariri. Weka pamba katika glasi tano, na juu ya pamba weka maharage matatu katika kila glasi. Glasi ya kwanza iwe na pamba iliyoloweshwa, ikae mahali penye joto la kawaida na mwanga. Glasi ya pili ikae papo hapo, lakini pamba yake iwe kavu, na maharage yake yawe yale makavu uliyoyabakiza. Glasi ya tatu iwe na pamba iliyoloweshwa, ikae ndani ya jokofu. Glasi ya nne iloweshwe vilevile, ikae ndani ya kabati lenye giza. Glasi ya tano ijazwe maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka yafunike maharage kabisa, kisha imiminiwe juu yake tabaka jembamba la mafuta ya kupikia: kuchemsha kumeifukuza hewa iliyokuwa ndani ya maji, na mafuta yanazuia hewa nyingine isiingie.

Kuwa mwangalifu unapolinganisha. Ndani ya jokofu lililofungwa mna giza, kwa hiyo glasi ya tatu ilinganishwe na ile ya kabatini, wala isilinganishwe na ile ya dirishani. La sivyo hutajua kama kilichozuia mbegu kuota ni baridi au ni giza. Kanuni ya jaribio lolote la haki ni kubadilisha jambo moja tu na kuyaacha mengine yalivyo.

Baada ya siku tatu hadi sita, ikiwa mbegu ni nzima, glasi ya kwanza na ya nne zitaonyesha vizizi, na nyingine hazitaonyesha, au zitachelewa sana. Hapo utaandika kwamba haragwe linahitaji maji, hewa ya oksijeni na joto la kufaa ili liote, lakini halihitaji mwanga. Si mbegu zote zilivyo hivyo, kwani baadhi ya aina za saladi hazioti vizuri zikiwa gizani. Iache glasi ya kabatini siku chache zaidi, na utaona miche mirefu, myembamba na ya manjano, inayotumia chakula chote cha ghalani kurefuka ikitafuta mwanga. Kuota na kukua, basi, ni mambo mawili yenye mahitaji tofauti.

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine ni la upendo uliozidi: mwanafunzi huongeza maji kila anapopita, pamba huogelea, na baada ya siku nne maharage yananuka kwa kuoza. Mbegu inayoota inapumua. Pamba iwe na unyevu kama wa kitambaa kilichokamuliwa, na hiyo inatosha.

Mzizi kwanza, majani baadaye

Chukua glasi ya sita, uizungushie karatasi ya kufyonza maji kwa ndani, uloweshe karatasi hiyo, kisha upachike maharage manne yaliyolowekwa kati ya karatasi na kioo: moja kitovu kikiwa juu, la pili kitovu kikiwa chini, na mawili yakiwa yamelala pembeni. Weka maji kidogo chini ya glasi ili karatasi iyavute. Tazama kila siku saa ile ile, pima kizizi kwa rula, uchore ulichokiona badala ya ulichokitarajia.

Vizizi vyote vinne vitageuka kuelekea chini, hata kile kilichoanza kikitazama juu. Kizizi kinapofika urefu wa sentimita 3, ilaze glasi kwa ubavu kwa siku moja hadi mbili, huku ukihakikisha karatasi haikauki. Ncha ya mzizi itapinda tena kuufuata upande wa chini, kwa sababu ncha hiyo huhisi mvutano wa dunia. Juu kidogo ya ncha utaona ukungu mweupe wa vinyweleo laini; si kuvu, bali ni vinyweleo vya mzizi, na ndivyo vinavyofyonza maji na madini kutoka udongoni. Usiviguse, kwa kuwa huharibika upesi.

Baada ya mzizi kushika, shina huanza kupanda likiwa limepinda kama ndoana. Umbo hilo lina maana: kilele cha shina na vijani vyake ni laini mno, na kama kingesukuma udongo kwa mbele kingechubuka, kwa hiyo shingo ngumu hutangulia kuupasua udongo, kisha hujinyoosha na kuvivuta vijani nyuma yake. Kotiledoni hutoka pamoja nalo juu ya ardhi, hugeuka kijani kidogo, hunyauka na kuanguka kadiri chakula chake kinavyokwisha. Andika tarehe zilipoanguka. Kuanzia siku hiyo mmea hauna tena akiba ya mama yake.

Ukiwa na punje ya mahindi, iote sambamba na haragwe ili ulinganishe. Hindi lina kotiledoni moja tu, nayo hubaki ndani ya punje chini ya ardhi. Chipukizi lake hutoka limenyooka likiwa ndani ya ala yenye ncha kali, majani yake yana mishipa iliyokwenda sambamba, na mizizi yake hutawanyika kama nyuzi. Haragwe lina kotiledoni mbili, mishipa ya majani yake imetandaa kama wavu, na lina mzizi mkuu mmoja wenye matawi.

Mche unapata wapi chakula?

Hamishia miche mitatu yenye afya kwenye chungu, ukiishika kwa kotiledoni au majani, kamwe si kwa shina, kwa sababu jani likichanika litaota jingine lakini shina likivunjika mmea umekwisha. Iweke mahali penye jua la kutosha na umwagilie udongo unapoanza kukauka kwa juu.

Watu wengi wakiulizwa mmea unakula nini hujibu kwamba unakula udongo. Mwanasayansi Jan Baptista van Helmont wa Brussels alilipima jambo hili, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1648. Alipanda mche wenye uzito wa kilo 2 na ushei katika udongo mkavu wa kilo 90 hivi, akaumwagilia maji tu kwa miaka mitano. Mti ulifika takriban kilo 77, ilhali udongo ulikuwa umepungua gramu zisizofika 60. Yeye alidhani kwamba maji peke yake ndiyo yaliyogeuka mti. Leo tunajua kwamba majani huvuta kabonidayoksaidi kutoka hewani kupitia vitundu vidogo viitwavyo stomata, huichanganya na maji yaliyopandishwa na mizizi, na kwa nguvu ya mwanga wa jua inayonaswa na umbijani, yaani ile rangi ya kijani, hutengeneza sukari na kuachia oksijeni. Kazi hiyo huitwa usanisinuru. Madini ya udongoni yanahitajika pia, ila kwa kiasi kidogo.

Ili uone jinsi mmea unavyouthamini mwanga, weka chungu karibu na dirisha moja bila kukigeuza kwa siku tatu. Mashina yatainamia dirishani. Kigeuze, na baada ya siku moja au mbili yatainama tena upande wa pili. Ukimaliza jaribio hilo, kigeuze kidogo kila siku ili miche isimame wima, kwa sababu unaihitaji iwe na nguvu wakati wa maua.

Kulifungua ua

Maharage ya aina fupi kwa kawaida huchanua baada ya wiki tano hadi saba, hutegemea aina na hali ya joto. Wakati ukisubiri, jifunze sehemu za ua kwa kutumia ua kubwa kuliko la haragwe. Ua la haibiskasi linafaa sana, na yungiyungi linafaa vilevile. Maua ya jamii ya alizeti yaache kwanza, kwa sababu kile kinachoonekana kuwa ua moja la alizeti ni mkusanyiko wa vijiua vingi sana vilivyobanana. Epuka pia maua usiyoyajua, kwa kuwa baadhi yana utomvu wenye sumu, na unawe mikono ukimaliza.

Tandaza karatasi nyeupe, ulifungue ua kuanzia nje kuelekea ndani, ukipanga kila sehemu kwa safu. Nje kabisa kuna sepali, vijani vya kijani vilivyolifunika ua lilipokuwa bado tumba. Zinafuata petali, na kwenye haibiskasi ya kawaida utahesabu tano. Zipapase, uzinuse, uangalie kama kuna mistari au doa la rangi nyingine karibu na kitako, maana alama kama hizo humwelekeza mdudu mahali palipo na nekta, yaani maji matamu ya ua. Baada ya petali zinabaki sehemu zinazozaa. Stameni ni sehemu ya kiume: kila moja ina kijiti chembamba kinachobeba chavulio, na ukiligusa chavulio kwa kidole kitabaki na unga wa manjano, ambao ni chavua. Nyunyiza unga huo juu ya karatasi nyeusi na uutazame kwa kioo cha kukuzia. Kwenye haibiskasi punje za chavua ni kubwa kiasi kwamba utaona kila moja ikiwa kidonge cha peke yake.

Katikati ya ua ndipo ilipo sehemu ya kike, iitwayo pistili. Juu kuna stigma, ambayo kwenye haibiskasi ina vichwa vitano kama vya mahameli, na ukiigusa stigma iliyokomaa utahisi inanata au ina manyoya ya kunasia chavua. Chini yake kuna mrija mrefu uitwao staili, na chini kabisa, pale ua linapokutana na kikonyo, kuna uvimbe mdogo wa kijani. Hiyo ni ovari. Mwombe mtu mzima aipasue kwa urefu kwa wembe. Ndani yake zimejipanga chembe ndogo nyeupe kama lulu. Kila chembe ni ovuli, na kila ovuli ni mbegu ambayo bado haijawa.

Mimi huona hapa ndipo mahali pa kutulia kuliko pote katika somo hili. Petali ndizo zinazotajwa na kila mtu, lakini zitanyauka na kudondoka. Kile kivimbe kisichotazamwa na yeyote ndicho kitakachobaki, na ndicho ambacho ua zima lilijengwa kwa ajili yake.

Safari ya chavua

Uchavushaji ni kufika kwa chavua kwenye stigma. Kwamba jambo hili ni la lazima lilithibitishwa na Rudolf Jakob Camerarius wa Tübingen, Ujerumani, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1694: alipoyaondoa maua ya kiume ya mbono kabla hayajamwaga chavua, hakupata mbegu kamili. Wewe unaweza kufanya jaribio linalofanana na lake bila kuharibu mimea mingi, ukiwa na haragwe lako pamoja na mmea wa maboga.

Mmea wa maboga hutoa maua ya aina mbili juu ya shina moja. Ua la kiume lina kikonyo chembamba kirefu, na kwa kawaida ndilo hutangulia kuchanua. Ua la kike lina boga dogo la mviringo chini ya petali, hata kabla halijafunguka. Jioni tafuta matumba mawili ya kike yatakayofunguka kesho yake, utayajua kwa rangi ya manjano inayoanza kuonekana kwenye ncha, na uyafunike kwa vifuko vya kitambaa chepesi ili nyuki wasiingie. Tumba moja la kiume lifunike pia. Asubuhi na mapema, kabla maua hayajaanza kujifunga, chuma lile la kiume, ondoa petali zake, kisha ulipake taratibu juu ya stigma ya mojawapo ya maua ya kike. Lirudishie kifuko chake. Lile la pili usilifungue kabisa. Baada ya siku kadhaa kiboga cha ua ulilolichavusha kitaanza kunenepa, na cha lile jingine kitageuka manjano, kitasinyaa na kuanguka.

Sasa funika vivyo hivyo matumba machache ya haragwe. Hapa jibu litakuwa tofauti: maua hayo yatazaa, ingawa hakuna mdudu aliyeyagusa, kwa sababu chavua ya haragwe hufika kwenye stigma ya ua lile lile wakati ua linapokaribia kufunguka. Mimea ina njia nyingi. Haragwe hujichavusha lenyewe. Boga lina chavua nzito inayonata, isiyoweza kupeperushwa, kwa hiyo linategemea nyuki. Mahindi huimwaga chavua yake kwenye upepo kutoka kwenye mbelewele zilizo juu ya bua. Ua linalowaita wadudu lina rangi, harufu na nekta, na ua linalotegemea upepo halina mapambo, bali hutoa chavua kwa wingi mno. Maua meupe yanayofunguka usiku, kama ya mbuyu, hutembelewa na popo.

Mchavushaji wa mmea akikosekana, mmea huchanua bila kuzaa. Ndivyo ulivyokuwa mvanila, mmea wenye asili ya Mexico, ulipopelekwa kwenye kisiwa cha Réunion, mbali na wadudu wake, mpaka mwaka 1841, ambapo Edmond Albius, mtoto mtumwa mwenye umri wa miaka 12, aligundua namna ya haraka ya kuuchavusha kwa kijiti chembamba na kidole gumba. Njia yake hiyo ya mkono bado inatumiwa na wakulima wa vanila. Mwanafunzi anayelipaka ua la kiume la boga juu ya la kike anafanya kazi ya namna ile ile.

Ndani ya ovari

Uchavushaji haujawa urutubishaji, na wanafunzi wengi huchanganya mambo haya mawili. Chavua iliyotua kwenye stigma inayofaa hufyonza unyevu na kuotesha mrija mwembamba sana, ambao hushuka ndani ya staili mpaka kwenye ovari, ukifika kwenye ovuli moja na kuingia kupitia kitundu kilicho kwenye ukuta wa ovuli hiyo. Ndani ya mrija huo seli za kiume husafirishwa, na mojawapo inapoungana na yai lililo ndani ya ovuli, hapo ndipo urutubishaji unapotokea. Yai lililorutubishwa hukua kuwa kiinitete, ovuli huwa mbegu, na ovari nzima huwa tunda.

Kila ovuli inahitaji punje yake ya chavua. Ushahidi ulio wazi zaidi uko kwenye hindi: kila unywele wa ndevu zake umeunganishwa na ovuli moja, kwa hiyo unapomenya hindi na kukuta mapengo kwenye gunzi, kila pengo ni unywele ambao haukupata chavua, au ni punje iliyoshindwa kukua mapema.

Rudi kwenye haragwe lako. Siku chache baada ya ua kunyauka, ovari hujichomoza ikiwa podo jembamba la kijani, yaani ganda refu linalobeba maharage ndani yake. Pima urefu wake kila baada ya siku mbili. Kwenye kitako chake bado kuna sepali zilizokauka, na kwenye ncha kuna mkia mdogo uliopinda, ambao ni mabaki ya staili. Podo la haragwe, kwa maneno ya sayansi, ni tunda, kama lilivyo boga na nyanya, kwa sababu limetokana na ovari na limebeba mbegu. Maneno ya jikoni yana mpangilio wake, na mpangilio huo usikuchanganye kwenye mtihani.

Si kila mmea husubiri mbegu ili uongezeke. Kiazi huchipua kutoka kwenye macho yake, muhogo huota kwa kipande cha shina, na mgomba hutoa machipukizi pembeni. Miche ya namna hiyo hufanana na mmea mama katika sifa zake za urithi, ilhali mbegu iliyopata chavua kutoka mmea mwingine huchanganya sifa za wazazi wawili.

Podo linapokauka

Podo moja lifungue likiwa bado la kijani lakini limejaa. Lipasue taratibu kwenye mshono wake, uyaache maharage mahali pake. Kila moja limeshikwa na ukuta wa podo kwa kikonyo kifupi cheupe, na kupitia kikonyo hicho lilikuwa likipokea chakula kutoka kwa mmea mama. Pengine utakuta pia chembe moja iliyosinyaa kati ya mbegu nene: hiyo ni ovuli ambayo haikurutubishwa, au iliyorutubishwa ikakoma kukua. Sasa livute haragwe moja polepole mpaka likatike kwenye kikonyo, uligeuze, na uangalie pale lilipokatikia.

Mapodo yaliyobaki yaache kwenye mmea mpaka yawe ya rangi ya majani makavu na yatoe mlio yakitikiswa. Yakikauka sana hupasuka yenyewe na kujisokota, na mbegu hurushwa chini, kwa maana hata mmea usiotembea huhitaji kuwapeleka watoto wake mbali kidogo na kivuli chake. Mimea mingine hukabidhi kazi hiyo kwa upepo, kwa kuzipa mbegu mabawa au nyuzi za pamba. Mingine huzipa miiba ya kunasa kwenye manyoya ya wanyama, mingine huzizungushia nyama tamu ili ndege wameze na kuzidondosha mbali, na nazi huelea majini.

Hesabu maharage uliyovuna kutoka mmea mmoja, uandike idadi. Kisha fungua ukurasa wa kwanza wa daftari, kwenye mchoro wa siku ya kwanza. Mbele ya kovu andika kwamba hapo ndipo kikonyo kiliposhika mbegu ikiwa ndani ya podo. Mbele ya kitundu andika kwamba ni mlango ulioachwa kwenye ovuli, ambao mrija wa chavua uliupitia, na ambao maji pia huweza kuupitia mbegu inapolowekwa. Chagua haragwe lililo nene kuliko mengine, liweke ndani ya glasi ya maji jioni hiyo hiyo, na uandike tarehe kwenye ukurasa mpya.